Kuusoma Upepo wa Yadi 1,000

Katika uwanja wa Stickledown, huko Bisley kusini mwa Uingereza, wapigaji shabaha wa zamani hutambulikana kabla hawajafyatua hata risasi moja. Zamu yao haijafika, lakini wamekwisha kulala kifudifudi nyuma ya darubini zao, daftari dogo limefunguliwa pembeni na penseli juu yake. Vijana waliokuja na vifaa vya bei kubwa wanapiga soga na kuchezea simu. Wazee wanaangalia hewa.

Anayeanza kujifunza darubini ya bunduki hudhani kazi ya kioo ni kuivuta shabaha karibu, basi. Mkongwe hukitumia kuangalia kilichopo kati yake na shabaha. Jua likishapasha ardhi, joto hupanda na kuitetemesha hewa, na ndani ya kioo huonekana mawimbi membamba yakipita juu ya nyasi. Hayo ndiyo mazigazi, ambayo msafiri wa jangwani huyalaani na mpigaji shabaha huyaombea.

Akiigusa lenzi kidogo, mwono ukaiacha shabaha na kutua katikati ya njia, mawimbi hujitokeza waziwazi. Yakiinama kidogo kuelekea kushoto, kuna upepo mwanana kutoka kulia. Yakilala kabisa na kukimbia moja kwa moja, upepo una nguvu, na kuanzia hapo mazigazi hayana la kuongeza. Itabidi bendera na majani ya miti yaseme. Na yakisimama wima, yakichemka kwenda juu, mgeni hufurahi akidhani kumetulia. Mkongwe huondoa kidole kwenye kifyatulio. Anajua kwamba kuchemka huko mara nyingi ndiyo dakika ya upepo kugeuka, na kwamba risasi itakayotoka sasa huenda ikakutana njiani na upepo wa upande mwingine. Hungoja, kama nahodha anayengoja pepo za kusi zitulie kabla ya kutweka.

Gharama ya kutongoja inahesabika. Risasi ya .308, iliyozoeleka sana kwenye viwanja hivyo, huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000, na upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa huisukuma zaidi ya mita 2. Kitovu cha shabaha kina upana wa inchi 24. Aliyekosea makadirio ya upepo kwa maili 2 tu amekwisha kutoka nje ya kitovu, hata kama alilenga katikati kabisa na mkono wake haukutikisika. Kushuka kwa risasi, ambako wanafunzi hukuogopa zaidi, ni jambo jepesi: mvutano wa dunia haubadiliki kati ya asubuhi na jioni, na ukishaandikwa daftarini umeandikwa. Upepo huandikwa upya kila dakika.

Ufundi huu ulikuwapo kabla darubini hazijaenea. Mwaka 1874, huko Creedmoor katika kisiwa cha Long Island, New York, timu ya Ireland ilipambana na ya Marekani kwa yadi 800, 900 na 1,000, wote wakitumia vyuma vya kulengea peke yake. Mwairishi mmoja, Milner, alipiga kitovu safi kabisa, ila cha shabaha isiyo yake, akapewa sifuri. Mwishowe Waairishi walikuwa na pointi 931 na Wamarekani 930, na iliyobaki ilikuwa risasi moja ya Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla ya hapo, chupa ya kinywaji cha tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi. Alifunga leso, akalala chini damu ikimtoka, akapiga kitovu. Matokeo yakawa 934 kwa 931, na watu wa mchezo huu wanaisimulia risasi hiyo mpaka leo.

Waliotengeneza vioo nao walikuwa watu wa subira. William Malcolm alianza kazi Syracuse, New York, mwaka 1855, na mirija ya darubini zake ilikaribia urefu wa mtutu wenyewe. Msalaba wa kulengea ndani ya vyombo vya namna hiyo mara nyingi ulikuwa wa hariri ya buibui, kwa kuwa uzi wenye wembamba na uimara huo haukupatikana kwa urahisi kwingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mama mmoja wa Yucaipa, California, aitwaye Nan Songer, alifuga buibui nyumbani kwake na kuwauzia hariri hiyo watengenezaji wa vyombo vya kutazamia. Kila uzi ulivutwa kwa mkono kutoka kwa mdudu aliye hai.

Halafu kuna darubini ya John Unertl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufungua karakana Pittsburgh mwaka 1934. Hiyo ndiyo aliyoibeba Vietnam Carlos Hathcock, mwanajeshi aliyeshinda Kombe la Wimbledon la yadi 1,000 huko Camp Perry, Ohio, mwaka 1965. Ilikuza mara 8, na haikukazwa kwenye bunduki moja kwa moja. Bunduki iliporudi nyuma kwa kishindo, darubini ilibaki pale ilipokuwa kwa kuteleza ndani ya vishikio vyake, hivyo baada ya kila risasi mpigaji alilazimika kuirudisha kwa mkono. Mtu wa leo ataiona kazi hiyo kuwa usumbufu. Lakini mkono ukiwa unafanya hivyo, akili ilipata nafasi ya kujiuliza risasi imeenda wapi na kwa sababu gani.

Mafunzo ya zamani yalijaa vituo vya namna hiyo. Mwanafunzi alianza kwa kuielekeza darubini kwenye anga tupu na kuutazama msalaba kwa sekunde chache tu, kwa kuwa jicho likikawia hujirekebisha lenyewe na kumdanganya. Alijifunza kuweka paji la uso mahali pake. Asiyejifunza alifundishwa na ukingo wa kioo, uliomwachia kovu la mwezi mwandamo juu ya nyusi. Aliambiwa asogeze kichwa bila kuigusa bunduki: msalaba ukitembea juu ya shabaha, lenzi bado haijakaa sawa. Kisha alipewa mtihani wa mraba. Risasi moja, kliki 20 kwenda juu, nyingine. 20 kulia, nyingine. 20 chini, nyingine. 20 kushoto, ya mwisho. Ya tano isipoingia ilipoingia ya kwanza, darubini hiyo haikuaminiwa, iwe na bei gani.

Siku hizi duka humfungia mteja kila kitu, likamwekea na programu ya simu inayojua joto na mgandamizo wa hewa, naye huondoka akiamini amekwisha kuhitimu. Mwaka 2013 kampuni moja ya Texas ilikuwa sokoni na darubini yenye kompyuta: mtu anaiwekea shabaha alama, anabana kifyatulio, na bunduki inajichagulia wakati wa kulipuka. Umbali ilijipimia. Mwendo wa shabaha ilijikokotolea. Upepo iliomba uingizwe na aliyeishika, na wengi walioweza kuinunua walikuwa hawajawahi kuketi hata saa moja kuutazama.

Kioo chenyewe hakina kosa, na mchezo huu una deni kwacho. George Farquharson wa Canada, macho yake yalipochoka na vyuma vya kulengea, alitetea wazee waruhusiwe darubini na egemeo la bunduki. Mashindano yaliyotokana na juhudi zake yanaitwa F-Class kwa heshima ya jina lake. Mashindano ya dunia ya kwanza yalifanyika Ottawa mwaka 2002, na yaliyofuata yakafika Afrika, Bloemfontein, mwaka 2005. Watu ambao wangekuwa wamekwisha kuuza bunduki zao waliongezewa miaka, na elimu yao ya upepo ikaongezewa miaka pamoja nao.

Kinachopotea kwa kasi ni ule muda wa katikati. Kwa desturi ya Bisley, wawili au watatu hushiriki shabaha moja, wakipokezana risasi na kuandikiana pointi. Kila risasi ikipigwa, walio shimoni chini ya shabaha huishusha, hutafuta tundu, huchomeka alama na kuipandisha tena. Mpigaji anangoja, akingoja anatazama mazigazi, anaandika, anaona upepo uleule umemfanyia nini jirani yake. Sasa viwanja vingi vimeweka vihisio, na tundu huonekana kwenye kioo cha simu papo hapo. Pale ambapo kila mmoja hupiga mfululizo wake peke yake, watu hukimbiza risasi zote kabla hali haijabadilika, wakaenda nyumbani na matokeo mazuri na daftari tupu. Wenye viwanja wangeweza kumrudisha kila anayeanza shimoni na kwenye kiti cha mwandika pointi kwa msimu mzima kabla ya kumruhusu alale kwenye mkeka. Wachache wanafanya hivyo, na wazee wa kukaa naye pale kitini wanapungua mwaka hadi mwaka.