Kisu cha Kukaa Pindoni

Kikoi hakina mfuko. Mwanamume wa Garissa aliyevaa macawis, kikoi cha Wasomali, huikunja kiunoni mara mbili tatu, na ndani ya pindo hilo ndimo zinamokaa noti, simu na kisu. Kisu kizito huvuta pindo upande mmoja, mwenyewe akashinda kutwa akijifunga upya, na siku akiinama kunywesha mbuzi kinaponyoka na kuzama kwenye birika. Ndiyo sababu mnunuzi mzoefu pale sokoni Suq Mugdi haanzi kwa kujaribu makali. Hukitia kisu pindoni, hutembea hatua chache mbele ya meza ya muuzaji, kisha huchuchumaa. Kikimchoma nyonga, hukirudisha bila maneno mengi. Muuzaji atamwita na kingine mkononi: "Adeer, shika hiki, original kabisa, cha Germany." Jina la Ujerumani limegongwa kwenye visu vingi ambavyo havijawahi kufika huko, kwa hiyo mhuri usikupotezee muda.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Billaawe, jambia fupi la Wasomali lenye makali pande mbili na mpini wa pembe, lilifungwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi ili lionekane. Lilikuwa silaha, tena pambo. Kisu ninachokisifu hapa kazi zake ni ndogondogo na hazina sifa: kukata kamba ya gunia, kufupisha mpira wa kumwagilia shamba kandokando ya Mto Tana, kupasua embe, kutia alama sikio la mwanambuzi, kuchokoa mwiba wa mgunga uliovunjikia unyayoni. Kwa kazi hizo, makali ya pili ni ya kumkata mwenyewe tu.

Ufundi wote umo katika wembamba, na wembamba hausifiwi dukani. Kisu kinene huudanganya mkono: ukikishika unahisi umepata mali. Kitie kwenye embe sasa. Bapa lenye mgongo wa milimita nne halikati, linapasua. Nyama ya embe inapondeka na maji yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Bapa la milimita mbili, lililosagwa likaendelea kupungua kutoka mgongoni hadi kwenye makali, hupita bila kusukumwa. Kwa hiyo usiangalie ukali pekee, maana ukali hupatikana kwa kinoo. Angalia unene ulio juu kidogo ya makali. Huo ukiachwa na fundi mvivu, utakusumbua maisha yote ya kisu.

Na fundi huachia unene kwa sababu kuuondoa ni kazi. Anayefua kisu kutoka springi ya lori huanza na chuma ambacho mara nyingi kina milimita sita au zaidi. Kila akikipiga kikawa chembamba, ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu kukihudumia: kinapoa upesi kikitoka motoni, kinaungua upesi kikirudi, na akikichovya kwenye oil ili kiwe kigumu, huweza kupinda asiweze kukinyoosha tena. Akivuka hapo, bado ana kazi ya kukirudishia moto kidogo, akitazama rangi ikitanda juu ya chuma kilichosuguliwa. Ikifika manjano ya majani makavu anaacha. Akipitiliza mpaka buluu, amepata chuma kizuri cha springi, lakini makali yake yatalala kabla ya wiki kwisha. Hayo yote yanaamuliwa kwa jicho, kivulini, kwa muda mfupi sana.

Kwa Wasomali kazi hiyo ilikuwa ya Tumaal, jamii ya wahunzi ambao koo nyingine zilikataa kuoana nao. Walifua mikuki, majambia na visu, wakaendelea kuwekwa pembeni na watu walewale waliochinjia visu hivyo. Sijasikia hoja ya kutetea jambo hilo iliyoniingia akilini.

Viwandani nako wapo walioelewa wembamba. Okapi, kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao na pete mgongoni ya kufungulia kufuli yake, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Afrika. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa lake ni refu, jembamba, halina makuu. Lakini moyo wangu uko kwa Douk-Douk, kinachotengenezwa mji wa Thiers, Ufaransa, tangu 1929. Mpini wake ni bati moja lililokunjwa, bapa likalala katikati. Hakina ubao wa kupasuka kwa joto wala skrubu ya kupotea, na mchanga ukiingia unamwagia maji ukatoka. Hakina kufuli, ila springi kali tu, na nitaeleza kwa nini hilo ni neno. Waalgeria walikipenda mno, na nikikitazama sishangai: kilivyo bapa, kingelala vizuri hata kwenye macawis.

Jaribio langu la mwisho la kisu ni mswaki. Mti wenyewe umejaa Kaskazini Mashariki, na kijiti chake huuzwa kila kona ya mji. Shika kijiti kibichi, zungusha makali taratibu upana wa kidole kutoka nchani, kisha uinue ganda. Kisu kizuri hukata ganda na kusimama kwenye nyuzi. Ganda linatoka kama pete, nyuzi zimebaki ndefu, tayari kutafunwa. Kisu kinene kinazama na kuponda, na ukitia mdomoni vipande vinakatika vinabaki kwenye meno. Muuzaji mwerevu atakupa kijiti bure ujaribie. Asipokupa, nunua mwenyewe, bei yake si kitu.

Kuhusu chuma, watu wa Mombasa na Lamu wana haki ya kudai kisichoshika kutu, kwa sababu ya hewa yao ya chumvi. Garissa ni kukavu sehemu kubwa ya mwaka. Chuma cha kawaida kinaishi vizuri hapa, kinanoleka hata kwa kitako cha kikombe cha chai pale kwenye duara lisilopakwa rangi ya kung'aa, na kukipaka samli kidogo kunatosha. Ndimu na embe zitakifanya cheusi. Weusi huo hauna neno. Ni afadhali kuliko bapa linalong'aa lisilokubali kinoo.

Sasa kufuli, ambayo umuhimu wake huonekana kwenye kuchinja. Katika hadithi aliyoisimulia Shaddad bin Aws, iliyomo kwenye Sahih Muslim, Mtume aliagiza anayechinja anoe kisu chake vizuri na ampumzishe mnyama. Kwa ngamia, anayechinjwa kwa kudungwa chini ya shingo, kisu cha mfukoni hakifai kabisa. Kwa mbuzi, safarini, chaweza kufaa kama ni kikali sana na bapa linatosha, lakini hapo bapa likikukunjikia katikati ya kazi utajikata vidole na kumtesa mnyama. Basi anayetarajia kuchinja achukue chenye kufuli, avumilie uzito ulioongezeka. Asiyetarajia asiubebe bure.

Kuna na mlinzi wa mlangoni. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, kupekuliwa ni sehemu ya siku. Kisu kifupi chenye makali upande mmoja unakiweka mezani mwenyewe kabla hujaulizwa, unakichukua ukitoka. Hata hivyo kuna siku utakisahau, au hutakikuta, na hiyo ni hoja nzuri ya kutonunua cha bei ya mbuzi.

Baada ya miezi kadhaa bawaba italegea. Usikitupe. Kilaze kimekunjuliwa juu ya chuma bapa, gonga kichwa cha ribiti kwa nyundo ndogo, mara moja, ujaribu kukunja; halafu mara moja tena. Ukizidisha, bapa halitafunguka bila kuvunja kucha, na itakubidi ulitie tone la mafuta ulifungue na kulifunga mchana kutwa mpaka lilegee tena.