Kumsoma Hamed bin Muhammed: Baina ya Sifa na Shutuma

Katika barza zetu hapa Maskati, na kabla ya hapo katika barza za London, kitabu kimoja hakikosi kutajwa, nacho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Wapo wenye nasaba naye, wapo wanaodai nasaba, na wapo ambao babu zao walipita njia zile zile za Tabora, Ujiji na Kasongo. Lakini tukiuliza ni nani aliyekisoma kwa Kiswahili chake, toka mwanzo hata mwisho, watu hutazamana. Aghlabu yetu tumesoma yaliyoandikwa juu yake kwa Kiingereza, na kwa hayo ndiyo tunayogombana.

Ugomvi wenyewe tunaujua. Kundi moja linamhakiki kama mtu anayesoma shajara ya ukoo: shujaa, tajiri, mtu wa Unguja aliyefika mpaka Stanley Falls, aliyekutana na Livingstone, Cameron na Stanley, wote wakamhitaji. Kundi la pili linamhakiki kama kadhi aliyeletewa mshitakiwa: mwuza watu, basi. Makundi haya mawili yanafanana kwa jambo moja. Yote huja na hukumu tayari, kisha hutafuta ndani ya kitabu panapowafaa.

Sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Miaka mingi tulipokuwa tukifundisha, tulikitumia kitabu hiki kama ghala: tukiingia, tukachukua jina la mtemi au bei ya pembe, tukatoka. Tulidhani kazi ya mwanahistoria ni hiyo, na habari za namna mtu anavyoisimulia hadithi yake ni shughuli ya watu wa fasihi. Tulikosea.

Tuanze na kitabu chenyewe kilivyopatikana. Hamed alikiandika uzeeni, amekwisha rejea Unguja, kwa ombi la Mjerumani, Heinrich Brode. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode akakigeuza kwa herufi za Kirumi na kukitoa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Sote tuliosoma chuoni tunajua shida iliyomo hapo. Khati ya Kiarabu haitenganishi vizuri "o" na "u", wala "e" na "i", na jina la kijiji cha Kongo lililoandikwa na mkono wa Mzanzibari laweza kusomwa kwa njia nne. Kila tunapotaja jina kutoka kitabu hiki, sikio la Brode limo ndani yake.

Kisha tazama majina ya vitabu. Mwaka 1905, mwaka aliokufa Hamed, Brode alitoa kitabu chake mwenyewe juu yake, na kwenye jalada la Kijerumani akamwita dhalimu wa Afrika ya kati. Tafsiri ya Kiingereza ya 1907 ikaliacha neno hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Whiteley alipoutoa upya ule mswada wa Kiswahili, pamoja na utangulizi wa kihistoria wa Alison Smith, jalada lilisema ni maisha yake "kwa maneno yake mwenyewe". Mtu ni yule yule, na msomaji amekwisha elekezwa pa kuketi kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Basi tusome hayo maneno yake mwenyewe, kwani jalada limetuahidi.

Kuna mahali, katika safari zake za ujanani, wapagazi wake wanamkimbia. Hamed anarudi nyuma, anaingia Uzaramo, anakamata watu, kwa hesabu yake kiasi cha 800, anawatia minyororo na kuwachukuza mizigo yake. Kwa hilo, anasema, akapewa jina la Kingugwa, yaani chui, kwa kuwa chui hushambulia huku na huku bila ya kuchagua.

Wale wa sifa huliruka tukio hili. Wale wa shutuma hulinukuu peke yake. Sisi tunamwomba msomaji alitazame linavyosimuliwa. Hakuna haya, wala hakuna majisifu makubwa. Linasemwa kwa sauti ile ile anayotumia kueleza mali aliyokopa kwa Taria Topan au frasila za pembe alizopima. Mizigo imelala chini, siku zinapita, na deni la Unguja halingoji. Ndiyo maana anatenda alivyotenda, na ndiyo maana anasimulia bila ya kupandisha wala kushusha sauti. Mwandishi aliyetaka kujitetea angeongeza udhuru, na aliyetaka kutisha angeongeza damu. Yeye anatoa hesabu kama mtu wa duka. Utulivu huo unatupa habari ya jamii nzima iliyomlea, ambayo jedwali la bidhaa za forodhani haliwezi kutupa: kwamba jambo hili, kwa mtu wa daraja lake, halikuhitaji kuelezwa sababu. Hapo uhakiki wa lugha na uhakiki wa jamii ni kazi moja.

Na tusisahau aliandika lini. Hukumu ya utumwa ilikwisha ondolewa Unguja mwaka 1897, na mwenye kumwomba aandike ni Mzungu. Angeweza kuficha. Hakuona cha kuficha.

Tukio la pili ni la Utetela. Hamed anasikia kwa watu kwamba mtemi Kasongo Rushie aliwahi kupotelewa na dada zake, waliochukuliwa vitani. Naye anajileta kama mjukuu wa mmoja wao. Anapokewa, anaachiwa utawala. Hapa mtindo hubadilika, na msomaji wa Kiswahili huhisi mara moja: maneno yanachangamka, mazungumzo yanaingia, na mzee anaonekana anatabasamu. Ni hadithi ya sungura, na mwenyewe anajua ni hadithi ya sungura. Mwanahistoria anayeichukua kama hati ya nasaba amedanganywa pamoja na Kasongo Rushie. Wapo waliodanganywa.

Liko na jambo ambalo kitabu hakiwezi kutupa hata tukisome vipi, nalo ni sauti ya waliofungwa ile minyororo. Kwa hiyo tunashauri asisomwe peke yake. Katika mkusanyiko wa Margery Perham, Ten Africans, wa mwaka 1936, yumo Rashid bin Hassani, mtu wa kabila la Wabisa, aliyetekwa utotoni na kufikishwa Unguja utumwani. Naye alisimulia uzeeni, naye alisimulia mbele ya Mzungu aliyeandika. Maneno yake yametufikia kwa Kiingereza, nasi hatuna ya asili. Tahadhari tunazochukua kwa Hamed tuzichukue kwake pia. Ila ukimsoma mmoja baada ya mwingine, zile frasila zinapata mabega.

Baadhi ya jamaa hawatupendi kwa ushauri huu. Tumeambiwa tunafua nguo za nyumbani barabarani, na kwamba wako wengi wa kutusema, haina haja tuwasaidie. Tunaielewa hofu hiyo. Wengi wetu tuliondoka Unguja na masanduku mawili, na heshima ya wazee ni katika machache tuliyoyabeba. Lakini Hamed mwenyewe aliliandika jina la Kingugwa kwa mkono wake. Sisi wajukuu tunaliona aibu neno ambalo mwenyewe hakuliona.

Mwaka jana tuliwasomea jamaa ukurasa ule wa Uzaramo, kwa Kiswahili, katika nyumba ya mmoja wao Al Khuwair. Tulipomaliza palikuwa kimya. Kisha bibi mmoja, mtu mzima kutuzidi sisi, akasema kwamba mama wa bibi yake akiitwa Mzaramo, na kwamba yeye tangu utotoni alidhani ni jina tu. Akaomba ukurasa usomwe tena, polepole. Tukausoma.