Tarumbeta si siri ya Little Talks

Mtu yeyote aliyewahi kuusikia wimbo wa Little Talks wa bendi ya Of Monsters and Men kutoka Iceland hukumbuka mambo mawili: tarumbeta inayopasua hewa na ukelele wa kundi zima unaoidakia. Ndiyo maana, baada ya wimbo huo kutamba mwaka 2012, ilikuwa rahisi kudhani kwamba siri ya bendi hii ni shangwe. Nimeusikiliza kwa miaka mingi na sikubali. Tarumbeta ni pambo la mlangoni. Nyumba yenyewe imesimama juu ya sauti mbili zinazojibizana, ya Nanna Bryndís Hilmarsdóttir na ya Ragnar Þórhallsson.

Tuanze na ubeti. Nanna anaimba mstari, Ragnar anamjibu. Mwanamke analalamika kwamba hawezi kuizoea nyumba yake tena, mwanamume anamtuliza. Ni mke na mume, na mume amekwisha kufa. Lakini wimbo haukuambii hivyo waziwazi. Unakuachia ugundue mwenyewe, kwa sababu sauti ya Ragnar haiji kama ya mzimu. Haikuwekewa mwangwi wala haikusogezwa mbali. Iko karibu, tulivu, ya mtu aliyeketi chumba kilekile. Uamuzi huo mdogo ndio unaoumiza: marehemu anasikika mzima kuliko aliyebaki.

Kikifika kiitikio, kujibizana kunakoma. Sauti mbili zinashika tuni moja, ya kike juu, ya kiume chini yake, bila madoido ya sauti za kwaya zilizopangwa kwa ustadi. Waandishi wengi wa nyimbo wangeweka hapo sauti ya pili na ya tatu ili pang'ae. Hawa walichagua kutembea sambamba, na kwa hiyo yeyote anayesikiliza anaweza kuingia na kuimba bila kutafuta nafasi yake. Kordi zenyewe ni chache, zinajirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha, kuelekea mwisho, ala zinapungua, wimbo unabaki mtupu, na hapo ndipo msiba unaposikika kwa mara ya kwanza bila ngao. Tarumbeta inaporudi haichezi tena harusi. Noti ni zilezile, ila msikilizaji ameshabadilika.

Ufundi huu haukuanzia studio. Nanna, aliyekulia kijiji cha Garður karibu na Keflavík, alikuwa akiimba peke yake na gitaa kavu kwa jina la Songbird. Akawakusanya wenzake kuongezea nguvu, na mwaka 2010 kundi hilo likashinda Músíktilraunir, shindano la bendi changa linalofanyika Reykjavík. Naiona hatua hiyo kuwa kiini cha kila kilichofuata. Mtu mmoja na gitaa hawezi kujijibu. Alipopatikana wa kumjibu, nyimbo za chumbani ziligeuka mazungumzo, na mazungumzo yanapowazidi wawili, bendi nzima inaitikia. Hata ule ukelele ni watu wa chumba cha pili wanaosikia maneno ya wawili na kuyapokea.

Mwaka huohuo, wakati wa tamasha la Iceland Airwaves, redio ya KEXP ya Seattle iliwarekodi sebuleni wakiimba Little Talks. Hapakuwa na jukwaa wala mitambo mikubwa, ni vijana waliobanana na vyombo vyao. Video hiyo ikasambaa. Mwaka 2011 kituo kimoja cha redio cha Philadelphia kikaanza kuupiga wimbo, na wasikilizaji wa Marekani wakaushika kabla albamu haijauzwa kwao. My Head Is an Animal ilikuwa imetoka Iceland mwezi Septemba 2011; ilipofika Marekani Aprili 2012 iliingia namba 6 kwenye chati ya Billboard 200, ikiipita Volta ya Björk, mwanamuziki mwenzao wa Iceland, iliyofika namba 9 mwaka 2007. Kwa nchi iliyokuwa na watu wapatao 320,000, hilo ni jambo zito. Na wimbo uliofungua njia ulikuwa umeshathibitika sebuleni, kabla ya mitambo kuugusa.

Albamu hiyo ina kanuni nyingine inayostahili kutajwa, nayo ni kupanda. Dirty Paws, wimbo wa kwanza, unaanza na gitaa kavu na hadithi ya wanyama wa msituni kama anayosimuliwa mtoto kitandani. Ngoma zinakuja kwa kuchelewa, kisha zote kwa pamoja, na hadithi ndogo inakuwa vita. Unafanya kazi vizuri sana. Lakini kanuni hiyo ikitumiwa katika wimbo baada ya wimbo, sikio linaanza kujua mlipuko utakuja lini, na hapo ndipo naiona albamu ikichoka kabla ya kufika mwisho.

Nadhani wao wenyewe waliliona. Albamu ya Beneath the Skin ya mwaka 2015, waliyoitengeneza pamoja na mtayarishaji Rich Costey, iliweka tarumbeta pembeni, ikazitoa hadithi za wanyama na kuleta mwili, hofu na upweke. Ilifika namba 3 Marekani. Ngoma za Arnar Rósenkranz Hilmarsson katika Crystals zinatangulia kila kitu, nzito, zenye nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Ni kazi ya watu waliokomaa. Hata hivyo kuna nyakati Nanna na Ragnar wanaimba pamoja tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na wanapoacha kuulizana na kujibizana, kitu kinapungua ambacho ngoma haziwezi kukijaza.

Fever Dream, mwaka 2019, ilisogea mbali zaidi. Nyimbo nyingi zilianzia kwenye kompyuta badala ya gitaa kavu, na Alligator ina gitaa la umeme lenye kelele ambalo lingeshangaza sebule ile ya 2010. Naheshimu ujasiri huo, ingawa sauti ya kinanda cha umeme iliyotandazwa kila mahali inamfunika Nanna pale ambapo pumzi yake peke yake ingetosha.

Msomaji, tafuta kwanza ile rekodi ya sebuleni, kisha ile ya albamu. Usizihesabu tarumbeta. Sikiliza ubeti wa kwanza, pale Nanna anapomaliza mstari wake, na uone Ragnar anachukua muda gani kumjibu.