Nyumba Yenye Mlango wa Maji

Hata mabegi hatujayafungua sawasawa, lakini lazima niandike usiku huu huu, mikono yangu ikiwa bado inanuka siki na vitunguu. Tumepanga nyumba Venice! Nyumba nzima, vyumba viwili na jiko, ghorofa ya pili, upande wa Cannaregio, na chini kabisa ina milango miwili. Mmoja unatokea kwenye kichochoro. Wa pili ukiuvuta, unakuta vipandio vitatu vya mawe vimeota mwani, halafu maji. Mfereji umekuja mpaka kizingitini, unapumua taratibu, na boti ikipita yale maji yanapanda kipandio kimoja na kushuka tena.

Tulishuka treni Santa Lucia jana alasiri. Ukitoka tu kituoni, Mfereji Mkuu uko mbele ya miguu yako, na daladala za mji huu zinaelea. Wenyewe wanaziita vaporetto. Tiketi ya kawaida ni euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo mkikaa siku tatu nunueni ile ya saa 72, euro 45, mpande na kushuka mtakavyo. Tulichukua namba 1, inayosimama karibu kila gati, na kiti sikukitaka. Nilisimama pembeni, mdomo wazi, majumba yakipita huku na huku, miguu yao majini na madirisha yamechongwa kwa ncha juu kama kazi ya darizi. Tukashuka Ca' d'Oro. Kuanzia hapo ni miguu. Karibu kila daraja lina ngazi, na kila ngazi unabeba begi, kwa hiyo kabla ya kulipia muulize mwenye nyumba: kutoka gatini hadi mlangoni kuna madaraja mangapi? Sisi tulikuwa na matatu. Na akutumie alama ya ramani, maana namba za nyumba hapa hazifuati njia. Mji wa kale una maeneo sita, na kila eneo linahesabu nyumba zake zote kwa mfululizo hadi maelfu.

Jamani, ile sakafu! Ni terazo ya kale, vipande vya marumaru vyekundu, vya kijani na vyeusi vilivyomwagwa kwenye chokaa na kusuguliwa mpaka vikang'aa. Binti yangu aliweka chungwa chini. Likaondoka lenyewe, polepole, likavuka sebule yote na kwenda kutulia chini ya dirisha. Nyumba imeinama! Mji huu umejengwa juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope la wangwa, na kwa karne nyingi kuta zimekuwa zikititia kidogo hapa, kidogo pale. Sakafu ya namna hii hunyumbulika pamoja nazo, mahali ambapo nyingine ingepasuka. Juu kuna dari la boriti nene, nyeusi kwa umri. Aliyelala kwenye nyumba ya mawe Unguja akitazama boriti za mikoko atajua ninachosema. Jua la alasiri lilipogonga mfereji, mwanga uliruka ukaingia dirishani na kucheza juu ya zile boriti, ukitetemeka, ukikatika, ukiungana tena. Tulilala chali sakafuni, wote wanne, tukautazama mpaka ukazimika.

Vitanda ni vizuri, maji ya moto yapo, intaneti inakimbia.

Mama mwenye nyumba alitupokea mwenyewe, akatazama pasipoti zetu, akatuonyesha mifereji ya chuma kwenye fremu ya mlango wa chini, ambamo bamba la kuzuia maji huchomekwa. Novemba 2019 maji yalipanda hadi sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 kuna MOSE, vizuizi vya chuma vinavyoinuka kwenye milango ya wangwa bahari inapofura, lakini bamba lake bado analiweka karibu.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, niliamshwa na injini. Nikafungua vibao vya dirisha. Chini yangu ilipita boti ya kabichi na maboga. Nyuma yake boti ya mashuka ya hoteli, na nyuma yake kijana amesimama kwenye usukani, amebeba mashine mpya ya kufulia, amenyooka kama mfalme! Kila kitu kinachoingia mji huu huja hivi, na mimi nilikuwa na nguo ya kulalia na kikombe cha kahawa, mita chache juu yake.

Tukaenda sokoni. Pale Santa Sofia kuna gondola ya kuvusha watu, euro 2 tu, dakika mbili umesimama, unashukia kwenye soko la samaki la Rialto, chini ya matao yaliyojengwa 1907. Ukutani kuna bamba la kale la marumaru linalotaja urefu mdogo kabisa wa samaki aliyeruhusiwa kuuzwa zamani. Sadini alikuwa sentimita 7. Nilinunua sadini nusu kilo, wanang'aa kama sarafu. Na hapa ndipo jiko lilipolipa! Wenyeji wana pishi la sarde in saor: samaki wanakaangwa, wanapangwa kwa tabaka na vitunguu vilivyoiva kwenye siki, zabibu kavu na mbegu za msonobari. Ni pishi la mabaharia, la kuhifadhi samaki safarini, na sharti lilale. Hotelini ungelilaza wapi?

Nawasihi, pangeni kwa mtu aliyeandikishwa kisheria. Tangazo lazima lionyeshe namba ya taifa, CIN, na kodi ya kulala mjini hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Maana wenyeji wanazidi kupungua: mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na watu kama 175,000. Leo hawafiki 50,000, na kwenye dirisha la duka moja la dawa, Campo San Bartolomeo, kibao cha taa kinawahesabu waliobaki. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji ni mmoja wao. Jioni hii alivuta kamba yake ya nguo kwenye kapi, akatuona dirishani, akatupungia shati la mtoto.

Wenzangu wamelala. Hakuna gari, hakuna pikipiki, nasikia maji tu yakilamba vile vipandio vitatu. Na sasa kengele: Marangona, kubwa kuliko zote za mnara wa San Marco, na pekee iliyonusurika mnara ulipoporomoka Julai 1902. Hulia usiku wa manane. Sadini wana saa sita kwenye friji. Bakuli nimelifunika kwa sahani, na mara mbili nimeshakwenda kulinusa.