Ndizi za Gombe na Mwezi wa Nyanza-Lac

Ukitoka Nyanza-Lac, Burundi, ukafuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini na kuvuka mpaka wa Tanzania, hutakwenda mbali kabla ya kukuta vilima vya Gombe, ambako utafiti wa sokwe ulioanza tarehe 14 Julai 1960 umezaa filamu za makala zilizotazamwa dunia nzima. Wanaotaka kugeuza tafiti za vyuo kuwa filamu huiona Gombe kuwa shule ya kusimulia. Ni kweli, lakini somo zito zaidi liko kwenye ndizi. Filamu ya utafiti huaminika pale inapomwonyesha mtazamaji picha pamoja na mazingira yaliyoiwezesha picha hiyo kupatikana.

Tuanze na kilichofanya utafiti huu ukubali kuwa filamu. Jane Goodall, aliyeuanzisha, aliwapa sokwe majina wakati wataalamu wengi walipendelea namba, na kwa kufanya hivyo akamwandalia mwongozaji wahusika: David Greybeard, Flo na mwanawe Flint. Ugunduzi mkubwa wa mwaka ule wa kwanza nao ulikuwa tendo la kuonekana kwa macho: sokwe anachomeka bua kwenye kichuguu, anasubiri, analivuta likiwa limejaa mchwa, anakula. Hapo jedwali halihitajiki. Mpiga picha Hugo van Lawick alipofika na kamera mwaka 1962, alikuta matukio yanayojieleza. Kazi yake ilizaa filamu ya National Geographic ya mwaka 1965, Miss Goodall and the Wild Chimpanzees. Zaidi ya saa 100 za kanda zilizobaki ghalani zilimfikia baadaye mwongozaji Brett Morgen, naye akatengeneza Jane ya mwaka 2017. Kanda hizo zilikuwa bubu. Vishindo na milio ya msituni unayoisikia ilipachikwa nusu karne baadaye.

Lakini sokwe wa porini humkimbia mtu. Waliosogea mbele ya kamera walivutwa na ndizi zilizowekwa kambini, na chambo hicho kiliwakusanya wengi mahali pamoja kuliko ilivyo desturi yao, ugomvi ukazidi. Mwaka 1991 Margaret Power alitoa kitabu akidai kwamba kulishwa huko ndiko kulikoharibu tabia za sokwe wa Gombe. Sayansi ilikuwa na njia ya kulipima dai hilo. Mwaka 2014 watafiti walikusanya habari za jamii 18 za sokwe, zikiwemo ambazo hazikulishwa, wakahesabu mauaji 152 yaliyoshuhudiwa, kukisiwa au kushukiwa, na kuhitimisha kuwa athari za binadamu haziyaelezi vizuri. Utafiti hurudiwa ukapimwa upya. Filamu ikishatoka haijirekebishi. Kwa hiyo ni lazima ibebe maelezo yake tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mtazamaji anataka kisa, hataki mbinu, na kwamba ukimweleza namna data ilivyopatikana atazima televisheni. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mbinu ingekuwa kitu kikavu. Januari 1974, Hilali Matama, msaidizi wa utafiti Mtanzania, alishuhudia madume wa kundi moja wakimvamia Godi, sokwe wa kundi jirani. Shambulio hilo ndilo la kwanza kuonekana katika vita vya makundi hayo mawili vilivyodumu hadi 1978. Mtu anayemfuata mnyama kutwa nzima kwenye makorongo na kuandika aliyoyaona, tena kwa Kiswahili kama walivyofanya wasaidizi wa Gombe, ni kisa kinachojitosheleza. Hata hivyo, filamu zote mbili nilizozitaja zimebeba jina la mtu mmoja tu. Ukimwonyesha mwandishi wa kumbukumbu, umeonyesha mbinu, na hujampotezea mtazamaji hata dakika moja.

Kipimo hiki cha kuonyesha picha pamoja na mazingira yake kitahitajika zaidi Ziwa Tanganyika lenyewe litakapopigwa filamu. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kuwa kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, uzalishaji wa ziwa ukashuka kwa takriban asilimia 20, kiasi kinachoweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Joto halina sura. Mwongozaji atashawishika kupiga picha ya mvuvi akivuta wavu mtupu alfajiri, na picha itapendeza. Lakini kila mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, anajua kwamba taa huvuta samaki usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua bila kosa la hali ya hewa. Wavu mtupu wa usiku mmoja hauthibitishi kitu; kinachothibitisha ni vipimo vya miaka mingi vikiwekwa kando ya wavu huo. Basi kabla ya kumwelekezea kamera mvuvi wa Nyanza-Lac, mwongozaji aiinue kwanza juu, atuonyeshe mwezi ulikuwa wapi.