Pongezi kwa watengenezaji wa vichupa

Wimbo ukiwa mzuri, tunamsifu mwimbaji. Kichupa kizuri, yaani video ya muziki, kina watu wengi wa kusifiwa, na wengi wao hawaonekani kwenye skrini: mwongozaji, mpigapicha, mshika taa, mbunifu wa mavazi, mhariri anayekesha akipatanisha picha na mdundo.

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na muziki wa Bongo Fleva ukakua nayo. Mwongozaji Adam Juma ni miongoni mwa waliotupa video za hapa nyumbani zenye hadhi, vijana wetu wakaanza kujitazama katika mitaa yao wenyewe. Video zile za zamani hazikuwa na picha kali, lakini zimetuhifadhia mambo mengi: nguo zilizovuma, mitindo ya nywele, daladala na sura ya Dar es Salaam kabla ya maghorofa kujaa.

Leo kamera zimekuwa bora na ufundi umepanda. Waongozaji Hanscana na Director Kenny wanajulikana kwa majina kama wasanii wenyewe. Kundi la Sauti Sol la Kenya, kwa "Sura Yako" ya mwaka 2014, liliwafanya watu wacheze mtindo wa Lipala hadi harusini. Mwaka 2020, "Waah!" ya Diamond Platnumz na Koffi Olomide ilikutanisha Bongo na Kinshasa, na waliokulia kwenye kanda za ndombolo ya Kongo wakafurahi pamoja na watoto wao.

Wacheza shoo, mafundi na waongozaji, kazi yenu tunaiona. Hongereni sana!