Kukwangua Mzinga

Msimu wa kurina ukiisha, asali huwekwa sebuleni na wageni huifuata huko huko. Mimi hubaki uani chini ya mwembe, mzinga mtupu umelazwa ubavu, patasi mkononi.

Hukwangua asubuhi na mapema. Gundi ya nyuki ikiwa baridi huvunjika kama kigae. Jua likipanda, hulainika ikanata kwenye chuma, na kazi ya saa moja huwa ya kutwa. Vipande vinaanguka vyekundu vya kuiva, harufu yake kama ubani. Kwenye sega moja la zamani naona nyuzi nyeupe, laini kuliko utando wa buibui. Nondo wa nta huyo. Hutaga usiku kwenye nyufa, na viwavi wake hupendelea masega meusi yaliyolea majana. Wakikomaa hujichimbia kwenye ubao vishimo vyenye umbo la mtumbwi. Napitisha kidole humo, vishimo vimelingana kama vimechongwa na fundi, kisha nawasha nyasi kavu. Mwali unalamba ubao mpaka ubadilike rangi kidogo tu. Ukizidisha, umejitafutia mkaa. Sega lililoliwa nalo haliingii kibandani: linayeyushwa leo leo.

Chujio la asali huoshwa kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto huyeyusha nta ikaziba matundu. Bomba la moshi nalikwangua masizi. Miguu ya kichanja naitumbukiza kwenye makopo ya oili chafu, na nyasi nafyeka zote, kwa sababu jani moja likigusa mzinga, siafu wamepata daraja. Mwaka mmoja nililiacha jani hilo. Asubuhi nilikuta masega makavu na kimya kitupu, na kimya kile sijakisahau.

Kuna mdudu mmoja ambaye nyuki wenyewe hunishinda maarifa ya kumkabili: mbawakawa mdogo wa mizinga. Asili yake ni huku kwetu, kusini mwa Sahara, lakini alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, nyuki wa kule wenye asili ya Ulaya hawakumjulia. Wa Afrika humkimbiza hadi kwenye ufa, wakamzingira kwa gundi, walinzi wakakesha mlangoni. Huko Afrika Kusini watafiti wamemwona mfungwa akimpapasa mlinzi mdomoni mpaka akalishwa. Tangu nijue hayo, kila ufa ninaouziba naona nimewapunguzia nyuki gereza moja la kulinda.

Nyuki wetu hawana subira na nyumba iliyooza; huhama bila kuaga. Ndiyo maana namalizia kwa kupaka nta safi ndani, taratibu, kona kwa kona, kisha naurudisha mzinga kichanjani.

Jana jioni alikuja nyuki mmoja. Akazunguka mlango, akatua, akaingia. Nilimsikia akitembea juu ya mbao, akisimama, akitembea tena.